Kutoka Kuokoa Jino hadi Kuokoa Mfupa: Historia ya Tiba ya Meno Yaliyoshikana na Taya kwa Watoto na Vijana katika Skandinavia, 1966–2015

1.0 Utangulizi

Mtoto wa miaka 9 anapoanguka na kung'oka jino la mbele la juu, kisha jino hilo likarudishwa katika tundu lake baada ya kukaa nje likiwa kavu kwa zaidi ya saa moja, miezi ya kwanza huleta faraja. Jino hukaa imara, halitikisiki, na mzazi huamini kwamba balaa limepita. Uimara huo ndio mwanzo wa tatizo. Jino lenye afya halijashikana na mfupa. Limeshikizwa ndani ya tundu kwa kano nyembamba, ambayo unene wake ni kama robo ya milimita, na kano hiyo ndiyo huliwezesha jino kuhimili msukumo wa kutafuna na kusogea kadiri taya linavyokua. Kano inapokufa, mfupa huufikia mzizi na kuungana nao moja kwa moja. Hali hiyo huitwa ankilosisi.

Kwa mtu mzima, ankilosisi ni jambo linaloweza kuvumiliwa kwa miaka mingi. Kwa mtoto ina madhara mawili yanayokwenda sambamba. Kwanza, mzizi huliwa polepole na nafasi yake kuchukuliwa na mfupa, mpaka taji likose mahali pa kusimama. Pili, jino lililoganda haliwezi kushuka pamoja na meno jirani wakati taya linapokua. Hivyo huonekana kana kwamba linazama, ilhali ukweli ni kwamba limebaki palepale na mengine yameliacha nyuma. Sehemu ya taya inayolizunguka nayo hudumaa.

Insha hii inachunguza jinsi wataalamu wa Skandinavia walivyofikia, kati ya mwaka 1966 na 2015, uamuzi ambao kwa mtazamo wa kawaida ni kinyume cha udaktari wa meno: kulikata taji la jino ambalo halijaoza wala haliumi, na kuuacha mzizi wake uzikwe ndani ya taya. Hoja inayotetewa ni kwamba mabadiliko hayo hayakuletwa hasa na ufundi mpya wa upasuaji. Yaliletwa na kubadilika kwa lengo la tiba, kutoka kuokoa jino hadi kuokoa mfupa, na badiliko hilo liliwezekana kwa sababu kulikuwepo taasisi zilizoweza kumfuatilia mtoto mmoja hadi anapokuwa mtu mzima.

2.0 Uimara kama Kipimo cha Mafanikio

Wazo la kulirudisha jino lililong'oka au kulikaza lililolegea ni la kale. Al-Zahrawi, tabibu wa Cordoba aliyefariki mwaka 1013, alieleza namna ya kuyafunga meno yaliyolegea kwa nyuzi za dhahabu. Pierre Fauchard, katika kitabu chake cha mwaka 1728 kilichochapishwa Paris, alizungumzia kurudishwa kwa meno katika matundu yake. Katika London ya karne ya 18, John Hunter, aliyechapisha kitabu chake kuhusu maumbile ya meno ya binadamu mwaka 1771, alipandikiza jino katika upanga wa jogoo ili kuonyesha kwamba jino laweza kupokewa na mwili mwingine. Mvuto wa jambo hilo ulizaa biashara ya aibu, ambapo matajiri walinunua meno kutoka vinywani mwa vijana maskini; mchoraji Thomas Rowlandson aliikejeli biashara hiyo katika picha yake ya mwaka 1787.

Kinachowaunganisha watu hao wa nyakati tofauti ni kipimo chao. Tiba ilihesabiwa kuwa imefaulu endapo jino lilikaa imara. Kipimo hicho kilikuwa na mantiki, kwa kuwa mgonjwa alitaka kutafuna, na jino linalotikisika halitafuni. Hata hivyo, kilikuwa na upofu wa aina mbili. Hakikuweza kutofautisha uimara wa kano iliyopona na uimara wa mfupa ulioganda. Tena, hakikumtazama mgonjwa kama mtu anayekua. Eksirei, iliyogunduliwa mwaka 1895, ilileta uwezekano wa kuuona mzizi bila kuling'oa jino, lakini picha moja ya eksirei haisimulii mwendo. Ilihitajika mtu wa kuzikusanya picha za miaka mingi na kuzipanga.

3.0 Copenhagen, 1966: Kuhesabu Dakika

Mtu huyo alikuwa Jens Ove Andreasen wa Copenhagen. Mwaka 1966, yeye na Erik Hjørting-Hansen walichapisha uchunguzi wa meno 110 ya binadamu yaliyorudishwa baada ya kung'oka kwa ajali. Matokeo yao yalikuwa wazi kiasi cha kubadili mjadala. Miongoni mwa meno yaliyorudishwa ndani ya dakika 30, asilimia 90 hayakuonyesha dalili ya mzizi kuliwa. Miongoni mwa yale yaliyokaa nje kwa zaidi ya saa 2, asilimia 95 yalionyesha dalili hizo.

Katika sehemu ya pili ya kazi hiyo, iliyohusu uchunguzi wa tishu kwa hadubini, walitofautisha namna tatu za kuliwa kwa mzizi. Ya kwanza ni ya juujuu, ambayo hupona yenyewe. Ya pili inatokana na uvimbe na maambukizi, na huweza kusimamishwa kwa kutibu mfereji wa mzizi. Ya tatu ni ile ambayo mfupa huuchukua mzizi kidogo kidogo na kukaa mahali pake, nayo ndiyo ankilosisi. Uainishaji huu ulikuwa na uzito wa kitabibu, kwa sababu ulitenga kinachotibika na kisichotibika. Aina ya tatu haikuwa ugonjwa ulioingia kutoka nje. Ilikuwa ni kazi ya kawaida ya mfupa, ambao siku zote hujivunja na kujijenga upya, ikiwa imepoteza mpaka wake. Mfupa haukuwa umemshambulia adui. Ulikuwa umeuhesabu mzizi kuwa sehemu yake.

Tokeo la kwanza la ugunduzi huu lilikuwa jitihada za kuzuia. Kama uhai wa kano ndio unaoamua, basi kilichopaswa kulindwa ni chembe hai zilizobaki juu ya mzizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Leif Blomlöf na wenzake mjini Stockholm walionyesha kwamba maziwa huzihifadhi chembe hizo vizuri zaidi kuliko maji au mate. Ushauri wa kuliweka jino lililong'oka ndani ya maziwa na kumkimbiza mtoto kwa daktari umetokana na kazi za namna hiyo. Lakini ushauri huo ulimsaidia mtoto wa kesho. Mtoto ambaye jino lake lilikuwa limekwisha kuganda alibaki bila jibu.

4.0 Stockholm, 1984: Kulikata Taji na Kuuzika Mzizi

Daktari aliyekuwa mbele ya kijana wa miaka 12 mwenye jino lililozama alikuwa na njia mbili, na zote zilikuwa mbaya. Angeliacha jino, pengo kati yake na majirani zake lingeongezeka kila mwaka, meno ya pembeni yangelalia upande wake, na taya lingedumaa mahali pale. Angeling'oa, ingebidi auchonge mfupa ulioungana na mzizi. Ukuta wa mbele wa tundu la jino la juu ni mwembamba mno, na mara nyingi ungetoka pamoja na jino. Kijana angebaki na bonde katika taya lake, na jino la bandia la baadaye lisingekuwa na mahali pa kukaa.

Mwaka 1984, Barbro Malmgren, Miomir Cvek na wenzao wawili wa Taasisi ya Eastman ya Stockholm walichapisha njia ya tatu. Ufizi hufunuliwa, taji hukatwa, na sehemu ya juu ya mzizi hupunguzwa mpaka iwe milimita 1.5 hadi 2 chini ya ukingo wa mfupa. Dawa au kijazio chochote kilichokuwa ndani ya mfereji wa mzizi huondolewa, mfereji huachwa ujae damu, kisha ufizi hurudishwa na kushonwa juu yake. Mzizi uliobaki huendelea kugeuzwa kuwa mfupa. Mchakato uleule uliokuwa ukiliangamiza jino sasa hutumika kuulinda upana wa taya. Zaidi ya hayo, kwa kuwa taji lililoganda halipo tena, utando wa juu ya mfupa na nyuzi zinazounganisha meno jirani huweza kuvutwa na ukuaji wa meno hayo, na mfupa mpya hujengeka juu ya mzizi uliozikwa.

Kwa nini njia hii ilizaliwa Stockholm? Jibu la kwanza ni kwamba hapo palikuwa na watu wenye ujuzi. Cvek alikuwa tayari amejulikana kwa kazi yake ya mwaka 1978 kuhusu kuokoa kiini cha meno yaliyovunjika. Lakini ujuzi peke yake hautoshi kuwa maelezo, maana kukata taji si upasuaji mgumu, na vifaa vyake vilikuwepo katika kliniki nyingi duniani. Jambo la kutazamwa ni taasisi. Kliniki hiyo ilikuwa mojawapo ya zile zilizojengwa kwa fedha za George Eastman, tajiri wa Kodak, kwa ajili ya meno ya watoto. Ya kwanza ilifunguliwa Rochester mwaka 1917, na ya Stockholm mwaka 1936. Miaka miwili baadaye, mwaka 1938, Bunge la Sweden liliamua kuanzisha huduma ya meno ya umma, na kuanzia mwaka 1974 huduma hiyo ilikuwa ya bure kwa watoto na vijana wote. Mtoto aliyeumia akiwa na miaka 8 aliitwa tena akiwa na miaka 10, 12 na 15, na faili lake lilikuwepo. Kuzama kwa jino ni jambo lisiloonekana katika siku moja. Huonekana tu kwa yule aliye na picha ya jana na ya mwaka juzi. Kwa maana hiyo, masjala ya kliniki ilikuwa chombo cha uchunguzi sawa na hadubini ya Copenhagen.

Kazi zilizofuata zinathibitisha jambo hilo. Mwaka 1989, Lars Andersson na wenzake walionyesha kwamba kwa wagonjwa wa miaka 8 hadi 16 mzizi huweza kuliwa wote katika muda wa miaka 3 hadi 7, ilhali kwa watu wazima mwendo ni wa polepole zaidi. Mwaka 2002, Barbro na Olle Malmgren walipendekeza vipimo vya kuzama kwa jino kwa kulilinganisha na urefu wa taji la jino jirani: chini ya moja ya nane, kati ya moja ya nane na robo, kati ya robo na nusu, na kuanzia nusu kwenda juu. Walionyesha pia kwamba hatari ni kubwa zaidi iwapo ankilosisi hutokea kabla ya kasi ya ukuaji ya balehe. Mwaka 2015 ilichapishwa tathmini ya muda mrefu ya meno 103 yaliyotibiwa kwa njia hii, iliyoonyesha kwamba hali ya mfupa ni bora zaidi pale upasuaji unapofanywa kabla au wakati wa kasi hiyo ya ukuaji kuliko unapocheleweshwa. Hivyo swali la tiba liligeuka. Haikutosha tena kuuliza kifanyike nini. Ilibidi kuuliza kifanyike lini.

5.0 Magego ya Utotoni: Funzo la Kusubiri

Historia hii ingekuwa na kasoro kama ingelisimulia jino la mbele peke yake. Magego ya utotoni nayo huganda, na mara nyingi bila ajali yoyote. Jüri Kurol wa Sweden, katika uchunguzi wake wa mwaka 1981, aliikuta hali ya magego yaliyozama kwa asilimia 8.9 ya watoto wa miaka 3 hadi 12. Kwa kuwa ushauri uliozoeleka mara nyingi ulikuwa kuyang'oa mapema, idadi hiyo ilimaanisha upasuaji kwa watoto wengi sana.

Mwaka 1985, Kurol na Göran Koch walichapisha uchunguzi ambamo, kwa mtoto yuleyule, gego lililozama liliondolewa upande mmoja wa kinywa na kuachwa upande wa pili. Iligundulika kwamba, pale ambapo jino la kudumu lipo chini yake, gego lililoachwa kwa kawaida hutoka lenyewe, likichelewa kwa takribani miezi 6 tu. Uamuzi wa busara ukawa kusubiri na kuangalia, isipokuwa pale ambapo jino la kudumu halipo, limepotoka, au gego limezama kupita kiasi.

Mambo haya mawili yakiwekwa pamoja, huonekana kana kwamba yanapingana. Wataalamu wa nchi moja, katika miaka ileile, walisema kata kwa jino la mbele, na wakasema ngoja kwa gego la utotoni. Lakini msingi ni mmoja. Katika hali zote mbili kilichotazamwa si jino lililoganda bali kile kitakachokuja baada yake. Chini ya gego kuna jino jipya litakaloifanya kazi ya kuujenga mfupa. Chini ya jino la mbele la kudumu hakuna kitu.

6.0 Kipandikizi cha Titani: Ankilosisi ya Kukusudia

Wakati ambapo Copenhagen na Stockholm zilihangaika na madhara ya kuungana kwa jino na mfupa, mji wa Göteborg ulikuwa ukiutafuta muungano huohuo kwa makusudi. Per-Ingvar Brånemark alimtibu mgonjwa wake wa kwanza kwa vipandikizi vya titani mwaka 1965. Nchini Uswisi, André Schroeder aliuita muungano wa namna hiyo ankilosisi ya kikazi. Jina hilo linaeleza zaidi kuliko ilivyodhaniwa wakati huo.

Mafanikio ya vipandikizi kwa watu wazima yalizaa kishawishi cha kuvitumia kwa vijana waliopoteza meno. Mwaka 1991, Jan Ödman, Birgit Thilander na wenzao walichapisha majaribio yao kwa nguruwe wanaokua. Vipandikizi havikufuata ukuaji wa taya. Vilibaki nyuma kama jino lililoganda. Uchunguzi wa kundi hilo kwa vijana, uliochapishwa mwaka 1994, ulitoa tahadhari ileile. Waswahili husema jino la pembe si dawa ya pengo. Kwa mtoto anayekua, methali hiyo ni kweli kwa maana halisi: dawa ya pengo ni kuutunza mfupa mpaka ukuaji uishe, na jino la bandia lisubiri.

Ujuzi huu uliipa njia ya mwaka 1984 maana ambayo haikuwa nayo yote ilipoanza. Mzizi uliozikwa ukawa akiba. Kijana huvaa jino la bandia la muda, mara nyingine taji lake mwenyewe lililobandikwa kwa majirani, huku upana wa taya ukihifadhiwa kwa ajili ya kipandikizi cha utu uzima.

7.0 Njia Shindani na Uzito wa Ushahidi

Njia ya Stockholm haikuwa ya pekee. Mjini Oslo, Olav Slagsvold na Bjørn Bjercke walieleza mwaka 1974 namna ya kuhamisha gego dogo ambalo mzizi wake haujakamilika na kulipanda mahali pengine katika kinywa cha mtoto huyohuyo. Jino lililohamishwa huja na kano hai, hivyo hukua pamoja na taya. Mwaka 1990, Andreasen na wenzake walichapisha matokeo ya muda mrefu ya magego madogo 370 yaliyohamishwa. Faida ya njia hii ni kubwa, lakini inahitaji kijana mwenye jino la ziada linaloweza kutolewa na daktari wa umri mwafaka wa mzizi.

Wengine walijaribu kulisogeza jino pamoja na kipande cha mfupa wake, kama Robert Isaacson na wenzake wa Marekani walivyoeleza mwaka 2001. Wengine waliliondoa jino, wakalipaka protini za enameli na kulirudisha, kwa matumaini kwamba kano ingeota upya. Tathmini ya Schjøtt na Andreasen ya mwaka 2005 ilionyesha kwamba protini hizo hazikuuzuia mzizi kuendelea kuliwa.

Mtafiti anapaswa kukiri udhaifu wa ushahidi wenyewe. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2010 kuhusu tiba ya meno ya mbele yaliyoganda baada ya ajali hayakupata hata jaribio moja la kinasibu lililokidhi vigezo. Sehemu kubwa ya ushahidi kuhusu kukata taji imetoka katika kliniki chache, na baadhi ya waliotathmini ni walewale waliobuni. Kwa upande mwingine, jaribio la kinasibu lingemtaka daktari amwache mtoto mmoja taya lake lidumae kwa miaka mingi ili alinganishwe na mwenzake. Pale ambapo jaribio kama hilo ni gumu kuhalalishwa, kumbukumbu za muda mrefu zilizotunzwa kwa uaminifu hubaki kuwa ushahidi bora uliopo, almradi mipaka yake itajwe.

8.0 Hitimisho

Mtu angeweza kuhitimisha kwamba, kama jino lililorudishwa kwa kuchelewa litakatwa taji baadaye, basi lisirudishwe kabisa. Historia iliyoelezwa hapa inaelekeza kinyume. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2020 unashauri jino la kudumu lirudishwe karibu kila mara, hata lilipokaa nje kwa zaidi ya dakika 60. Jino lililoganda humtunzia mtoto mfupa, nafasi na sura kwa miaka michache, na miaka hiyo ni ya thamani. Kilichobadilika ni kwamba jino hilo sasa hurudishwa likijulikana kuwa ni la muda, na siku ya kuliaga huwekwa kwa kufuata ukuaji wa mtoto.

Hapo ndipo penye funzo zito kwa nchi ambazo mtoto humwona daktari wa meno siku ya maumivu tu. Upasuaji wa kukata taji waweza kufundishwa kwa muda mfupi na kufanywa kwa vifaa vya kawaida. Kisichosafirishwa kirahisi ni faili la mtoto, mwito wa kila nusu mwaka, na kipimo cha urefu wake kikilinganishwa na cha mwaka uliopita. Pasipo hivyo, jino imara litaendelea kuhesabiwa kuwa jino lililopona, na kosa litagunduliwa wakati mfupa umekwisha kupotea. Atakayeandika historia ya tiba hii nje ya Skandinavia atalazimika kuanza na swali la masjala kabla ya swali la kisu.